Mkono Wako Si Mzito

Kila mgeni anayekuja kujifunza ngoma uani kwangu hapa Bagamoyo hunipa maneno yale yale kabla wiki ya kwanza haijaisha: "Mwalimu, mkono wangu mzito." Wapo waliotoka Dar es Salaam, wapo waliotoka Dodoma, wengine wamevuka bahari, na mkono ni ule ule. Zamani nilikuwa nabishana nao. Siku hizi nawachukua mpaka ufukweni, pale mafundi wanapotengeneza majahazi, nawakalisha mchangani, nawaambia wasikilize kalafati.

Kwa asiyeijua kalafati: fundi anashindilia pamba katikati ya mbao za chombo kwa patasi na nyundo ya mti ili maji yasipenye. Wakiwa wawili, mmoja ubavu huu na mwenzake ubavu ule, nyundo zinapishana, ko-ko, ko-ko-ko. Hawana habari na muziki, wanaziba mianya. Basi nawauliza wanafunzi: pigo la kwanza ni lipi? Kila mmoja ananyoosha kidole kwa wakati wake, na kila mmoja anaapa kuwa ni hilo. Wanaanza kubishana. Mafundi wanacheka na kuendelea na kazi yao.

Pigo la kwanza halikutoka kwenye nyundo. Umeliweka wewe.

Ukirudi nyumbani jaribu kwa saa ya ukutani. Chombo kile kinatoa mlio mmoja tu, lakini wewe unasikia tik-tak, tik-tak, kana kwamba kuna mlio wa bwana na mlio wa mtumishi. Ubongo hauwezi kuacha mlolongo wa sauti ukapita hivi hivi. Unaukata mafungu, unaweka mkazo pasipo mkazo, kisha unakaa kulisubiri fungu linalofuata. Pigo likilifikia sikio, ubongo ulishatangulia kulingoja. Likija kwa wakati wake, vizuri. Likichelewa, ubongo unashtuka, unarekebisha hesabu, unangoja tena. Nimefundisha miaka mingi, na ukinibana niseme jambo moja tu kuhusu muziki, nitasema hilo la kungoja.

Wala si jambo la kujifunza ukubwani. Mwaka 2009 watafiti wa Budapest, István Winkler na wenzake, waliwapigia watoto wachanga wa siku mbili tatu mdundo wa ngoma wakiwa wamelala, huku wamewabandika vipimo vya umeme wa ubongo kichwani. Walipoacha mapigo madogo ya pembeni, ubongo wa mtoto haukujishughulisha. Walipoliacha pigo zito la mwanzo, ukashtuka. Mtoto hajalijua hata jina lake, lakini pigo la kwanza analidai. Kwa hiyo ukiniambia hukuzaliwa na mdundo, nitakuuliza uliupotezea wapi.

Sasa turudi kwenye mkono. Mgeni akikaa na kikundi hufanya jambo analoliona la adabu: anangoja amsikie mwenzake, ndipo apige. Hapo ndipo anapoharibu. Sikio lisikie, ubongo uamue, mkono utii; safari hiyo inakula zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Fanya hesabu. Ngoma ikienda mapigo 120 kwa dakika, na kila pigo ukiligawa mara nne kama afanyavyo mpiga chapuo, ile ngoma ndogo, kati ya mguso na mguso zipo milisekunde 125 tu. Anayengoja kusikia atachelewa mguso mzima, na kila akijitahidi kusikiliza kwa makini zaidi ndivyo anavyozidi kuchelewa. Kisha anaulaumu mkono.

Wapigaji wazuri hawamfuati mtu. Wanajua pigo litaangukia wapi nao wanakwenda kukutana nalo. Hata watu wasio wanamuziki, wakiambiwa wagonge kidole pamoja na metronomu, kile chombo kinacholia kwa mwendo sawa, wengi hugonga kabla ya mlio kwa milisekunde kadhaa, nao wanaamini kabisa kuwa wamegonga sawasawa. Ubongo umezoea kutangulia. Wewe mgeni unaukataza kwa sababu ya woga.

Ndiyo maana kwangu hupewi ngoma siku ya kwanza. Tunatembea. Tunaushika ufukwe asubuhi maji yakiwa yametoka, tunaelekea upande wa Kaole, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, na mdomo unasema mdundo. Wapo wanaonung'unika kwamba hawakulipa ada ya kutembezwa. Nawaambia habari ya Jessica Grahn na Matthew Brett, ambao mwaka 2007 walionyesha kwa mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, kwamba mtu aliyelala kimya, hatikisi hata kidole, akisikiliza mdundo wenye pigo la wazi, sehemu za ubongo zinazoendesha viungo huamka. Miongoni mwake ni vile vifundo vya neva vilivyozama katikati ya ubongo, ambavyo vikiharibika mtu hupatwa na ugonjwa wa Parkinson, miguu ikagoma kuanza safari. Mgonjwa huyo huyo ukimpigia mdundo ulionyooka, mara nyingi hatua zake hunyooka pia. Sikio na mguu ni ndugu wa tumbo moja. Mkono ni binamu, atakuja baadaye.

Tukishatembea siku tatu nne ndipo tunaingia kwenye tatu juu ya mbili, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapofunga mizigo.

Chukua hesabu sita ndogo: moja mpaka sita, halafu rudia. Mkono wa kulia unapiga kwenye moja, tatu na tano. Wa kushoto unapiga kwenye moja na nne. Ukijaribu kuwaza mikono miwili kwa wakati mmoja utakwama, kila mtu hukwama, nami nilikwama. Kwa hiyo tunasema "wali kuku". Vuta silabi ya kwanza na ya mwisho: waa-li-ku-kuu, waa-li-ku-kuu. Kwenye "waa" mikono yote miwili inashuka. "Li" ya kulia, "ku" ya kushoto, "kuu" ya kulia. Sema kwanza mara hamsini bila kugusa kitu. Kisha piga mapajani. Mikono miwili imekuwa wimbo mmoja, na ubongo unaupenda wimbo mmoja kuliko hesabu mbili.

Likishakaa, ndipo mchezo unaanza. Tikisa mguu kufuata mkono wa kushoto: utasikia mwendo wa mbili, na kulia kunakuwa kama pambo. Halafu, bila kubadili chochote mikononi, hamishia mguu kwenye kulia. Ngoma imegeuka! Mapigo ni yale yale, mwendo ni mwingine. Huwezi kuziweka zote mbili chini kama msingi kwa mara moja; ubongo huchagua mmoja, kisha ukiushawishi unahamia wa pili. Mpiga vumi, ile ngoma kubwa, akishika mbili na mpiga chapuo akashika tatu, mcheza ngoma anachagua pa kusimama, na mchezaji mzuri huhama makusudi ili mtazamaji apigwe na bumbuazi. Mgeni hudhani ngoma zetu ni ngumu kwa sababu zina mapigo mengi. Mapigo ni machache. Ugumu uko kwenye kuamua ukae wapi.

(Singeli, muziki wa kasi wa vijana wa Dar es Salaam, nayo inakwenda hivyo hivyo. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika, lakini tazama vijana wa kijiweni: miguu yao inakwenda nusu ya hapo. Mwili umejitafutia mwendo wake ndani ya ule wa mashine.)

Wageni waliokulia kwenye muziki wa kwata na nyimbo za dini zinazokwenda moja-mbili-tatu-nne huumia zaidi, na wengine huona aibu. Aibu ya nini? Erin Hannon na Sandra Trehub walieleza mwaka 2005 kuhusu watoto wa Amerika Kaskazini: wakiwa na miezi sita walitambua kasoro kwenye midundo ya nchi za Balkani isiyogawanyika sawasawa, jambo lililowashinda watu wazima wa kwao. Walipofika miezi 12 na wao wakawa kama wazazi wao. Masikio yalikuwa yameshachukua uraia. Mtoto wa mwaka mmoja alipozoezwa kidogo nyumbani kwa kusikilizishwa midundo ile, aliirudia. Mtu mzima akachukua shida zaidi. Kwa hiyo usinung'unike kwamba mtoto wa jirani yangu, anayekuja kuokota maembe, anapiga usichokiweza. Yeye amelala mgongoni mwa mama yake kwenye ngoma ya mdundiko kabla hajaota meno.

Jambo la sauti, la juu na la chini, lina hadithi yake. Njia yenyewe ni fupi kuieleza: hewa inagonga kiwambo cha sikio, mifupa mitatu midogo inaupeleka mtikisiko ndani, nao unaingia kwenye koklea, kijumba kilichojikunja kama konokono chenye seli za vinywele. Sauti nyembamba hushikwa mlangoni, nzito husafiri mpaka nchani. Kisha neva inapeleka habari kwenye ubongo, pande mbili, juu kidogo ya masikio. Lakini usidhani kinachofika ndicho unachosikia. Weka wimbo wenye gitaa la besi kwenye simu ndogo. Uzi mzito wa besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na kispika cha simu hakina uwezo hata kidogo wa kutoa mtetemo huo. Mbona basi besi unaisikia? Simu inatoa watoto wa sauti ile: 82, 123, 164. Ubongo unawatazama watoto, unaona wote wanafanana na mzazi mmoja, unamleta mzazi. Hayumo chumbani, nawe umemsikia.

Watoto hao wa sauti ndio waliowalea Wagogo. Marehemu mzee Hukwe Zawose, Mgogo aliyehamia hapa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alifanya ilimba, ile ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze la nyuzi vikasikika duniani, na ukoo wake mpaka leo unapiga. Huja mwanafunzi na simu yenye programu ya kupima sauti, anaisogeza kwenye ilimba, kisha ananinong'oneza kwamba ufunguo mmoja "umeshuka". Haukushuka. Wagogo hupanga sauti zao kwa kufuata sauti ndogo zinazojitokeza zenyewe ndani ya sauti moja kubwa, na ile ya saba katika mlolongo huo iko chini ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni, yaani ya ile hatua ya kutoka ufunguo mmoja wa kinanda mpaka wa jirani yake. Kinanda ndicho kilichohama kwa sababu zake. Weka simu mfukoni, kaa na ilimba wiki mbili, sikiliza kila jioni. Sauti ile itaacha kukukera, na siku moja ukikisikia kinanda utaona ndicho kilichopanda. Sikio halijabadilika, umebadilika unachokingoja.

Wanaokuja kujifunza kuimba hunijia na malalamiko mengine: "Sina sikio." Nawapa jaribio dogo. Mimi naimba wimbo wa watoto, katikati naupotosha makusudi. Wakikunja uso, sikio wanalo. Watu ambao kweli ubongo wao haupambanui sauti wapo, wa kuzaliwa nao. Isabelle Peretz wa Montreal ametumia maisha yake kuwachunguza, na hesabu za karibuni zinawaweka kwenye asilimia moja na nusu hivi. Mimi katika miaka yangu yote nimekutana na mmoja tu niliyemdhania hivyo, naye alikuwa mcheza ngoma hodari. Waliobaki wanasikia sawasawa. Kinachowashinda ni koo. Mkono unauona ukikosea, koo huioni. Njia pekee ya kuifundisha ni kuisikia, na sauti yako mwenyewe hukufikia kwa njia mbili, hewani na kupitia mifupa ya fuvu, ndiyo maana unadhani ni nzito kuliko ilivyo na ukijisikia kwenye rekodi unaomba ardhi ipasuke. Fanya kama muadhini: weka kiganja nyuma ya sikio. Anajua anachofanya.

Nisije nikasahau umbali. Kosa hili ni langu, sina wa kumsingizia. Mwaka mmoja tulialikwa kucheza harusi uwanjani, nikawapanga wapiga ngoma upande mmoja, na kundi la waimbaji na makofi upande wa pili, mita hamsini hivi, ili picha zipendeze. Sauti husafiri kama mita 34 kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Ngoma ilipowafikia wenzetu ilikuwa imechelewa, wakapiga makofi sawasawa na walichosikia, makofi yakarudi kwetu yamechelewa mara mbili. Sisi tukapunguza mwendo kuwangoja. Wao wakapunguza kutungoja sisi. Kufika ubeti wa tatu tulikuwa kama msafara wa maiti, na bwana harusi ananitazama. Tangu siku hiyo kikundi changu kinakaa karibu karibu, na aliye mbali hufuata mkono wa kiongozi kwa macho, kwani mwanga hauchelewi.

Kuhusu mazoezi nina mambo matatu ya kusema, la mwisho ndilo watu hawaliamini.

Polepole. Akili haiwezi kushika vitu vingi vipya kwa wakati mmoja, vinne hivi na imejaa. Mdundo wa miguso kumi na sita hauingii. Ukate vipande vya minne, kila kipande ukitie kamba ya maneno, na kipande kikishakuwa neno moja, una nafasi ya vingine vitatu. Wazee walijua haya bila maabara, ndiyo sababu kila mdundo hapa pwani una maneno yake, mengine ya utani, mengine siwezi kuyaandika. Mdomo usiposema, mkono hausemi. Na ukikosea usikimbilie mbele kuficha kosa. Mkono hauna habari kuwa lilikuwa kosa, unajifunza tu kilichorudiwa.

La pili, fanya mazoezi bila ngoma. Alvaro Pascual-Leone na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1995, waliwafundisha watu zoezi la vidole vitano kwenye kinanda, saa mbili kwa siku kwa siku tano. Kundi moja lilipiga. Kundi jingine lilikaa mbele ya kinanda likawaza tu kwamba linapiga, vidole havigusi. Walipopima ubongo kwa sumaku, sehemu inayotawala vidole ilikuwa imetanuka kwa wote. Waliopiga walicheza vizuri zaidi, hilo ni wazi, lakini waliowaza walipopewa kinanda kwa kipindi kimoja tu waliwafikia. Ukipanda daladala kwenda Makumbusho una muda wa kutosha wa mazoezi, na konda hatakusumbua.

La tatu, lala. Mwanafunzi mmoja alikuwa akipiga mpaka usiku wa manane, majirani wakaja kuniuliza kama nimefungua kiwanda. Kesho yake anapiga vibaya kuliko jana, anaongeza saa. Nilimnyang'anya ngoma saa tatu usiku kwa wiki nzima. Matthew Walker na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba watu waliojifunza mfuatano wa kugonga vidole, wakalala, waliamka wakiwa na kasi zaidi kwa karibu asilimia 20, bila kuongeza zoezi hata moja. Waliokaa macho saa zile zile hawakupata kitu cha maana. Ubongo unafanya kazi yake usiku kama mwokaji mikate. Wewe kazi yako kumwachia unga. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, na usingizi katikati, utampita yule wa saa nne mfululizo.

Haya ya ubongo wa kushoto wa hesabu na wa kulia wa sanaa, usiyachukue uzito. Muziki unatumia pande zote mbili na vipande vingi vya kati. Wala usinunue kanda za Mozart, yule mtunzi wa zamani wa Ulaya, za kumpa mtoto akili. Jaribio la mwaka 1993 lililoanzisha uvumi huo lilifanywa kwa wanafunzi wa chuo, si watoto, na faida yake ilidumu dakika kama 10 mpaka 15.

Kinachostahili muda wako ni kujua kwa nini watu wanasisimka. Nenda kwenye taarabu, ya wazee kama utaipata, usimtazame mwimbaji. Watazame akina mama wanaomtunza pesa. Utadhani wanainuka neno linapowagusa. Angalia vizuri: wanainuka kabla. Wimbo wanaujua, wanaliona neno linakuja, noti imeshatolewa kwenye mkoba, na mwimbaji mjanja akiona vile anavuta ile silabi, anaizungusha, haitoi. Uwanja mzima umebana pumzi. Anaiachia. Valorie Salimpoor na Robert Zatorre, huko Montreal, walipima jambo hilo hilo mwaka 2011 kwa watu wanaopata msisimko wa nywele kusimama wakisikiliza nyimbo wanazozipenda. Dopamini, ile kemia ya ubongo inayohusika na hamu na kuridhika, ilimwagika mara mbili mahali pawili: mara ya kwanza sekunde chache kabla ya kilele, wakati wa kungoja, na mara ya pili kilele chenyewe kilipofika. Kwa hiyo ukijifunza kiitikio, usikimbilie kukitoa. Mpe msikilizaji nafasi ya kukidai. Ila usimcheleweshe mpaka akakaa chini. Hapo noti inarudi mkobani.

Wageni huniuliza kwa nini nawalazimisha wakae na wazee wa mtaani wasiopiga tena. Mjomba wangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala, maneno yakakatika. Akitaka maji anaonyesha kidole, akikasirika anatoa neno moja lile lile. Paul Broca alishawaeleza wagonjwa wa namna hiyo mwaka 1861, Ufaransa, kuwa jeraha liko mbele upande wa kushoto wa ubongo. Usiku wa Maulidi tulimbeba mpaka barazani asikie. Kasida ilipofika pa kuitikia, akaitikia. Maneno yote, kwa mahadhi yake, machozi yanamtoka, na kasida ilipokwisha alirudi kwenye lile neno lake moja. Nilidhani ni muujiza. Baadaye nikasoma kuwa madaktari wanalijua siku nyingi, na tangu miaka ya 1970 wapo wanaowafundisha wagonjwa kama yeye kusema tena kwa kuanzia kwenye kuimba. Sisi tulimwimbia "naomba maji" kwa mahadhi ya wimbo wa kutwanga, huku shangazi anamgonga kiganja cha kushoto. Ilichukua miezi. Maji alikuja kuyaomba, kwa wimbo kwanza. Nyimbo alizonifundisha baada ya hapo ni nyingi kuliko alizonifundisha mzima, nadhani kwa sababu mazungumzo yalikuwa hayatupotezei muda.

Limebaki sikio, nalo nimeliacha mwisho kwa sababu linaniuma. Nimecheza harusi kwa miaka kumi na mitano nikisimama upande wa kulia wa jukwaa, spika kushoto kwangu. Nilikuwa kijana, kelele niliiona ni heshima. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inaweka mpaka wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu: kwenye 100 una robo saa tu. Spika za harusi hazina habari na 100. Zile seli za vinywele za koklea niliyoieleza, kila sikio huwa na kama 15,000 pamoja na zote, na zikifa hazioti tena. Kuku zake huota upya. Binadamu hapana.

Sikio langu la kushoto sasa lina mlio mwembamba, mchana na usiku, kama mbu aliyekwama. Daktari aliniambia hakuna kinacholia mle. Ubongo ulizoea kupokea sauti za juu kutoka upande ule. Zilipokatika ukaongeza sauti ya redio yake kuzitafuta, na ninachosikia ni ule mngurumo wa redio isiyo na kituo. Yaani bado unangoja. Bahari ikivuma vizuri nalala. Ikitulia ndipo nakaa macho, na usiku wa namna hiyo ndio nilioanza kusoma habari hizi zote.

Kwa hiyo ukija, njoo na viziba masikio, vile vya povu vinauzwa bei ndogo, na anayekusahaulisha kuvivaa si rafiki. Metronomu iache. Tunaanza saa kumi alasiri, jua likishalegea. Unyevu wa bahari huzilegeza ngozi, kwa hiyo anayefika mapema anasaidia kukoka moto na kuzipasha ngoma, na wakati zinapashwa tunasema wali kuku.